Dalili za kompyuta zisimtie mwanafunzi hatiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie suala linalotusumbua walimu wengi wa kozi za mtandaoni, ambalo nahofia linatatuliwa kwa haraka na kwa njia inayowaumiza wasiohusika. Nazungumzia mawakala wa akili mnemba, yaani programu ambazo hazimwandikii mwanafunzi insha tu, bali huingia katika mfumo wa masomo kwa niaba yake, zikafungua mada, zikapitisha video, zikajibu maswali ya kuchagua, zikaandika mchango katika jukwaa la mjadala na kuwasilisha kazi, mwenyewe akiwa amelala. Vyuo vinatafuta kwa bidii namna ya kuwatambua mawakala hao, na hilo ni haki yao. Lakini kutambua ni jambo moja na kumtia mtu hatiani ni jingine, na naona mambo haya mawili yanachanganywa.

Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa Novemba 2022, mjadala wa umma umekuwa juu ya maandishi. Mwanafunzi alinakili swali, akalibandika mahali, akachukua jibu na kulipeleka kwa mwalimu. Ulikuwa udanganyifu, lakini angalau alilazimika kuliona swali lenyewe. Mwaka 2025 hali ikabadilika. Mwezi Januari kampuni ya OpenAI ilitoa Operator, wakala anayeendesha mwenyewe kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kwa kubofya, kusogeza ukurasa na kujaza nafasi. Mwezi Julai kampuni ya Perplexity ikatoa kivinjari cha Comet, na Oktoba OpenAI ikaleta kivinjari chake cha Atlas. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichoundwa kwa ajili ya kudanganya masomoni, lakini uwezo uleule wa kujaza fomu na kununua tiketi ndio unaotosha kumaliza kazi zote za wiki katika mifumo ya masomo ya mtandaoni kama Moodle au Canvas. Sentensi moja ya amri inatosha, na mwanafunzi anaweza kumaliza kozi nzima bila kujua ilihusu nini.

Watu wasiofanya kazi hii hudhani kwamba mfumo wa chuo unamwona anayeutumia. Hauwezi. Seva ya chuo, yaani kompyuta inayoendesha mfumo huo, hupokea maombi tu: ukurasa fulani umefunguliwa saa fulani, kutoka anwani fulani ya intaneti, kwa kivinjari cha aina fulani, kisha jibu fulani likatumwa. Kila tunachosema kuhusu mtu aliyeketi mbele ya kompyuta tunakikisia kutokana na kumbukumbu hizo.

Ni kweli kwamba baadhi ya mawakala hujitambulisha. Wakala anayefanya kazi kwenye kompyuta za kampuni iliyomtengeneza huingia katika mfumo wa chuo kutoka anwani ya kituo cha data, si kutoka simu au nyumba ya mtu, na hilo peke yake ni dalili nzito. Wakala wa ChatGPT aliyetolewa Julai 2025 hutia saini ya kidijitali katika maombi anayotuma, kwa kufuata kiwango cha kiufundi kiitwacho RFC 9421 kilichochapishwa mwaka 2024. Chuo kilichouandaa mfumo wake kuisoma saini hiyo kinaweza kumtambua wakala huyo bila ubishi, na hata kumkatalia kuingia. Huo ni ushahidi wa kweli, na sina pingamizi nao.

Tatizo ni yule wa aina ya pili, anayeishi ndani ya kivinjari cha mwanafunzi, kwenye kompyuta ya mwanafunzi. Huyu hutumia kikao kilekile ambacho mwanafunzi amekifungua kwa nywila yake, anwani ileile ya intaneti, kivinjari kilekile anachokitumia kila siku. Hata chuo kikidai namba ya uthibitisho kwenye simu, haisaidii, kwa kuwa mwanafunzi huiingiza mwenyewe kisha akakabidhi usukani. Kwa seva, ombi la wakala na ombi la mwanafunzi ni kitu kimoja.

Kwa hiyo wanaouza vitambuzi, yaani programu za kuwabaini mawakala, wamegeukia mwenendo. Wanapima mwendo wa kipanya, mdundo wa vidole kwenye kibodi, muda uliotumika kwenye kila ukurasa, na kama maandishi yaliingia herufi kwa herufi au yalitokea yote kwa mpigo. Msingi wa hoja yao si wa kupuuzwa. Mkono wa binadamu hukisogeza kipanya kwa mkunjo na kwa kusitasita, wakati programu mara nyingi hukirusha moja kwa moja hadi katikati ya kitufe. Binadamu hawezi kusoma mada ya maneno elfu tatu kwa sekunde nne. Binadamu hajibu maswali ishirini akitumia muda uleule kwa kila swali. Mwalimu akiona hayo yote katika kazi moja, ana kila sababu ya kushuku, na hata mimi ningeshuku.

Lakini tuwaangalie wanafunzi wenyewe. Yupo anayepakua mada zote siku ya kwanza ya muhula kwa sababu intaneti yake ni ya kubahatisha, akazisoma bila mtandao, kisha akarudi kwenye mfumo kujibu tu. Kumbukumbu zitaonyesha kwamba alifungua ukurasa kwa sekunde nne. Yupo anayeandika insha yake katika programu nyingine na kuibandika ikiwa imekamilika, jambo ambalo sisi walimu tuliwashauri wafanye ili wasipoteze kazi mtandao ukikatika. Yupo asiyeona, ambaye hagusi kipanya kabisa, anaruka kutoka kitufe hadi kitufe kwa kibodi akiongozwa na programu inayomsomea skrini. Yupo mwenye ulemavu wa mikono anayeandika kwa kusema, na sentensi zake huingia zikiwa nzima. Wapo mamia wanaotumia mtandao wa simu, ambao kampuni ya simu huwapitisha katika anwani moja ya intaneti, hivyo ikionekana kwamba wanafunzi watano wamewasilisha kazi kutoka anwani moja haimaanishi kwamba kuna mtu mmoja anayewafanyia wote. Hao wote ni wanafunzi halali, na kila mmoja ana angalau dalili moja ya mashine.

Upande wa pili, anayetaka kudanganya kwa uangalifu anaweza kumwamuru wakala asubiri dakika kumi kwenye kila ukurasa, aandike polepole, akosee tahajia na kufuta, aache swali na kulirudia. Uzito wa dalili hizi unapungua kwa pande zote mbili kwa wakati mmoja: zinamkamata anayesoma kwa njia tofauti na wenzake, na zinampitisha mdanganyifu mwenye subira. Chombo cha namna hiyo hakistahili kupewa madaraka ya hakimu.

Tulipaswa kuwa tumejifunza kutokana na vitambuzi vya maandishi. OpenAI wenyewe, walioitengeneza ChatGPT, walitoa kitambuzi chao Januari 2023. Kwa takwimu walizozitangaza wenyewe, kilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuyasingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu ya usahihi wake mdogo. Mwaka 2023 pia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vitambuzi saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakakuta kwamba kwa wastani zaidi ya asilimia 61 ya insha hizo zilihesabiwa kuwa kazi ya mashine, ilhali insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote bila tatizo. Sababu haikuwa ya ajabu: vitambuzi hivyo hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha aliyojifunza darasani hutumia maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka. Aliyejitahidi kuandika kwa usahihi ndiye aliyeshukiwa. Naomba kila msomaji aliyewahi kuandika insha kwa lugha isiyo ya nyumbani kwake alitafakari hilo.

Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilikizima kitambuzi cha akili mnemba kilichomo katika Turnitin, mfumo wa kukagua kazi za wanafunzi, kikieleza kwamba mwaka 2022 kilipitisha kazi 75,000 katika mfumo huo, na kwamba hata kosa la asilimia moja tu lingewasingizia wenye kazi zipatazo 750. Chuo Kikuu cha Curtin nchini Australia nacho kilitangaza kuacha kutumia kitambuzi hicho kuanzia Januari 2026. Hivi si vyuo vilivyokata tamaa na uaminifu wa kitaaluma. Vilipiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni rahisi, nami naomba kila kamati ya nidhamu iifanye kabla ya kumwita mwanafunzi. Tuchukue mfano wa kubuni: kazi 10,000 zimewasilishwa, na 500 kati yake zimefanywa na mawakala. Tuseme kitambuzi kinakamata asilimia 60 ya kazi za mawakala, na kinakosea kwa asilimia 2 tu ya kazi za wanafunzi waaminifu, kiwango ambacho muuzaji yeyote angejivunia. Kitakamata kazi 300 za mawakala, na kitawasingizia wanafunzi waaminifu 190. Katika orodha ya washukiwa 490 itakayofika mezani kwa mkuu wa idara, karibu wanne katika kila kumi hawana kosa. Wakati huohuo kazi 200 za mawakala zimeshapewa alama nzuri. Mkuu huyo akiambiwa tu kwamba chombo hukosea kwa asilimia 2 ya kazi za waaminifu, atawahukumu wote akiwa na dhamiri safi kabisa, na hapo ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko udanganyifu wenyewe.

Maana mshukiwa hana pa kushika. Aliyeshtakiwa kwa kunakili kitabu anaonyeshwa ukurasa alioiba, maneno kwa maneno, naye anaweza kuukubali au kuukanusha. Aliyeshtakiwa kwa kumtumia wakala anaonyeshwa asilimia, au mchoro wa mwendo wa kipanya, kisha anaambiwa athibitishe kwamba hakufanya. Atathibitishaje jambo ambalo halikutokea? Msichana aliyesoma usiku kucha kwa simu ya kuazima hana shahidi. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayeshtaki, na kanuni hiyo haikufutwa kwa sababu programu imenunuliwa kwa fedha nyingi.

Wapo walimu wenzangu wanaotega mitego. Huficha ndani ya swali sentensi ya rangi nyeupe isiyoonekana kwa macho, inayomwagiza wakala ataje kitu kisichohusika, kisha wanangoja kuona nani atakitaja. Naelewa hasira inayowasukuma. Lakini programu ya kumsomea asiyeona huisoma sentensi hiyo kwa sauti kama sehemu ya swali, na mwanafunzi mtiifu anaweza kuifuata. Wengine wanataka kamera. Kamera inaweza kusimamia mtihani wa saa mbili, ingawa hata hapo mahakama ya shirikisho katika jimbo la Ohio nchini Marekani iliamua mwaka 2022 kwamba chuo cha umma kilivunja katiba kilipomtaka mwanafunzi aonyeshe chumba chake kwa kamera kabla ya mtihani. Kazi za kozi hufanywa kwa wiki kumi na nne, usiku na mchana. Hakuna chuo kitakachomtazama mtu muda wote huo, wala hakipaswi kutamani.

Kuna jambo jingine ambalo kanuni nyingi za vyuo hazijalifikiria. Kuwapo kwa wakala si kosa kwa lenyewe. Mwanafunzi asiyeweza kutumia mikono anaweza kumwagiza wakala amfungulie kurasa, amchagulie kitufe alichokitaja, amwandikie anachosema, na fikra zote zikawa zake mwenyewe. Mwanafunzi mwingine anaweza asimguse wakala hata mara moja, akamlipa mtu amfanyie kozi nzima kwa kibodi na kipanya cha kawaida kabisa, na vitambuzi vyote vikampa cheti cha uaminifu. Swali la kitaaluma ni nani aliyefikiri, na kumbukumbu za seva haziwezi kulijibu.

Anayeweza kulijibu ni mwanafunzi mwenyewe, akiulizwa. Mpe mwanafunzi dakika tano mbele ya mwalimu wake, ana kwa ana au kwa video, na kazi yake ikiwa mezani. Muulize kwa nini alichagua mfano huu akaacha ule. Badilisha tarakimu moja katika swali la takwimu, umwombe aseme jibu litaelekea wapi. Mwombe aeleze aya moja aliyoiandika kwa maneno mengine. Aliyeifanya kazi yake anaweza kuwa na wasiwasi, anaweza kusahau tarehe, lakini anajua njia aliyopita na mahali alipokwama. Ambaye hakuifanya hajui hata swali lilikuwa nini. Hata huyu mwenye haya, anayetetemeka mbele ya mwalimu, akipewa muda wa kutulia na ruhusa ya kujibu kwa lugha anayoimudu, huonekana kwamba anajua, na mwalimu mzoefu hawezi kumchanganya na asiyejua.

Nitaambiwa kwamba hilo haliwezekani kwa darasa la wanafunzi 300. Dakika tano kwa kila mmoja ni dakika 1,500, yaani saa 25 za kazi kwa muhula. Ni saa nyingi, na sitaki kuzipunguza kwa maneno matamu. Lakini ni saa zinazoweza kugawanywa kati ya walimu wawili au watatu, na zinaweza kulipwa kwa fedha zilezile zinazokwenda kwenye leseni za programu za kushuku watu. Zaidi ya hayo, mazungumzo hayo ni ufundishaji. Mwalimu anayemsikiliza mwanafunzi akieleza kazi yake hujua ni mada gani haikueleweka, jambo ambalo mchoro wa mwendo wa kipanya hautamwambia kamwe. Chuo kikiamua kwamba sehemu kubwa ya alama inatokana na maelezo ya mdomo, na kila mwanafunzi akajua tangu siku ya kwanza kwamba ataitwa, wakala atabaki na kazi ndogo sana ya kufanya.

Na hapa lazima tuseme ukweli juu ya kazi tunazotoa. Kozi nyingi za mtandaoni zimejengwa juu ya maswali ya kuchagua yanayojisahihisha yenyewe, video ambazo mfumo huhesabu tu kama zimefika mwisho, na agizo la kuandika mchango mmoja kisha kuwajibu wenzako wawili. Kazi hizo zilipendwa kwa sababu hazimchoshi msahihishaji, na zilikuwa zikipima uwepo zaidi ya ujuzi hata kabla ya wakala yeyote kutokea. Maswali ya mazoezi yana faida yake na yabaki, lakini yasibebe alama zinazoamua nani atahitimu.

Jukwaa la mjadala linaniuma zaidi. Mwanafunzi mwaminifu husoma mchango wa mwenzake, akaufikiria, akauliza swali la kweli, akasubiri. Akijibiwa na programu, na yeye hajui, amenyang'anywa kitu ambacho hakuna kamati ya nidhamu itakayokihesabu. Alijiunga na kozi akitarajia wenzake wa kusoma nao. Kwa ajili yake siwezi kukubaliana na wanaosema tuwaache mawakala wafanye watakavyo kwa kuwa hawazuiliki.

Sehemu ya wajibu iko kwa kampuni zinazowatengeneza. Kama wakala anayefanya kazi kwenye kituo cha data anaweza kutia saini, yule aliye ndani ya kivinjari cha mwanafunzi naye anaweza kuuambia mfumo wa masomo kwamba kitendo hiki kimefanywa na programu. Kinachokosekana ni utashi wa anayemuuza. Vyuo hununua huduma za akili mnemba kwa maelfu ya wanafunzi na wafanyakazi, na vina nguvu ya mteja mkubwa. Viweke sharti hilo kwa maandishi katika mikataba, na viwadai wauzaji wa mifumo ya masomo wajenge uwezo wa kuzisoma taarifa hizo na kumwachia mwalimu aamue wapi wakala anaruhusiwa na wapi haruhusiwi. Najua mwenye nia mbaya atatafuta wakala asiyejitaja. Hata hivyo wanafunzi wengi hawatafuti; wanabofya kilichopo mbele yao, na kilichopo mbele yao kikijitaja, tatizo litapungua sana.

Wakati hayo yakisubiriwa, ninaviomba vyuo vifanye mambo machache kabla ya muhula ujao kuanza. Kila mwongozo wa kozi useme wazi ni matumizi gani ya mawakala yanaruhusiwa, yakiwamo ya wanafunzi wenye ulemavu. Alama ya mwanafunzi isizuiwe kwa sababu ya matokeo ya kitambuzi peke yake. Anayeshukiwa aonyeshwe kumbukumbu zote zinazomhusu, si ukurasa uliochaguliwa na mshtaki, na aelezwe na mtu anayezielewa. Na kabla shauri lolote halijafika kwenye kamati ya nidhamu, apewe nafasi ya kuieleza kazi yake kwa mdomo mbele ya mwalimu wa somo hilo na mwalimu mwingine asiyemfundisha, ndani ya wiki moja, kisha maelezo yake yaandikwe na yeye apewe nakala.

Wako mtiifu,
Mhadhiri wa kozi za mtandaoni